Mpira Ule Ulikuwa Wake

Nilianza kupiga picha kwa sababu sikujua nikae wapi.

Kwa miaka mingi nilikuwa mlinzi wa goli katika timu ya netiboli ya wanawake watumishi pale Masasi. Tulikuwa walimu, wauguzi, makarani, na mmoja wetu alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mwili wangu si mkubwa, ila mikono ni mirefu, na mpira ukirushwa juu ya kichwa changu kwenda kwa mfungaji, watu walikuwa wanajua kwamba haufiki. Kisha siku moja nilitua vibaya, goti la kulia likageuka upande, na daktari aliyelishughulikia akanipa habari ambayo sikutaka kuisikia. Kutembea utatembea, mwalimu, lakini kuruka basi.

Mchezaji anayeacha kucheza hupewa heshima kwa muda mfupi. Mwanzoni walinisogezea kiti kila nilipofika mazoezini. Baadaye wakaniachia mabegi yao, kisha simu, kisha chupa za maji. Nikawa nakaa ukingoni na kanga mapajani, nikilinda viatu vya watu. Wageni waliokuja kutazama walikuwa wanaulizana, "Yule mama pale ni nani?" na jibu lilikuwa, "Ni mama yake yule mfungaji." Maana binti yangu, muuguzi katika zahanati ya Chiungutwa, aliingia timu msimu uleule nilioumia. Mikono yake ni kama yangu, ila yeye anafunga, hazuii.

Kamera nilipewa na mdogo wangu wa kiume, anayepiga picha za harusi Mtwara. Alinunua mpya, akanipa ya zamani, akasema, "Dada, utapigia vipaimara na mahafali." Sikumwambia kilichokuwa moyoni. Nilitaka sababu ya kusimama karibu na mstari bila mtu kuniuliza ninafanya nini pale.

Kocha wetu ni mwenzangu wa zamani. Alikuwa akicheza katikati wakati mimi nikiwa golini, na bado tunaitana "mwenzangu" hata mbele ya wachezaji. Aliiona kamera akapiga makofi.

"Mwenzangu, tupige! Timu hii haina picha hata moja ya maana. Zote tumesimama kama tunasubiri kuapishwa."

Ilikuwa masika. Uwanja wetu wa udongo ulikuwa tope tupu, kwa hiyo tuliomba ukumbi wa chuo kimoja hapo mjini tukawa tunafanyia mazoezi humo. Ukumbi una paa la juu na madirisha madogo, taa nyingine zimekufa. Siku ya kwanza niliingia nimevaa kamera shingoni, nimejinyoosha, nadhani hata mwendo wangu ulibadilika. Nilikuwa naamini kupiga picha ni kuona kitu na kubonyeza. Kitu nilikiona. Nilipobonyeza, hakikuwepo tena.

Kwa sababu mle ndani mlikuwa na giza, kamera iliwasha flashi yenyewe. Binti yangu alikuwa amesimama chini ya pete, mpira umeshaanza kutoka vidoleni, mwanga ukampiga usoni. Mpira uligonga chuma ukarudi. Alifumba macho, akayafikicha. Kocha ndiye aliyesema.

"Mwenzangu, hiyo radi izime."

Wakacheka, nami nikacheka. Sikujua inazimwa wapi, nikawa nabonyeza kila kitufe huku nimeinamisha kichwa.

Mazoezi yalipokwisha walinizunguka wote, jasho linawatiririka, wakitaka kuona. Nikawasogezea kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Mmoja akaonyesha kwa kidole.

"Huyu nani?"

"Ni wewe," nikamwambia.

"Mimi? Mbona nimekuwa moshi?"

Picha iliyofuata ilikuwa na miguu peke yake. Iliyofuata ilikuwa ukuta, na kona moja kitu cheusi ambacho nilijua ni kiwiko cha mtu kwa sababu nilikuwepo. Nikasema kamera ni ya zamani. Nilisema haraka, kama mwanafunzi anayesingizia kalamu, na nilipokuwa natamka nilimwona binti yangu anatazama pembeni. Alijua nilivyokuwa nawajibu wanafunzi wangu wakiniletea sababu ya namna hiyo.

Jioni ile nilimpigia simu mdogo wangu.

"Umeweka ngapi?" akauliza.

"Ngapi nini?"

Akaanza chini kabisa, taratibu, kama anayefundisha chekechea. Akasema kamera ina kope. Kope zikikaa wazi kwa muda, mtu anakimbia ndani ya picha na ndiyo maana anakuwa moshi. Nikitaka asimame, kope lazima zifumbuke na kufumba kabla hajasogea. Lakini zikifumba upesi hivyo, mwanga unaoingia ni mdogo, na ndani ya ukumbi mwanga wenyewe ni wa kuombaomba. Basi niiongezee kamera uwezo wa kuona gizani, akanielekeza pa kubonyeza. Picha itakuwa na chenga kama televisheni isiyoshika mawimbi, nizivumilie. Chenga zinasameheka, moshi hausameheki.

"Na usisubiri uone ndipo ubonyeze," akamalizia. "Ukishaona, dada, umechelewa. Ubonyeze wakati unajua kwamba kitatokea."

Hilo la mwisho lilinipa kiburi. Nikajisemea, nani anajua kitakachotokea katika netiboli kuliko mimi? Nimesoma mipira maisha yangu yote. Natazama bega la mtu najua atarusha wapi.

Binti yangu alipokuja mapumziko nilimfanyisha mazoezi sebuleni. Nilifunga mapazia ili pawe na giza kama ukumbini, nikaviringisha kanga kuukuu nikaifunga kwa kamba ikawa mpira, nikamwambia aurushe juu na kuudaka. Baba yake alichukua redio yake akaenda kukaa barazani. Binti aliruka mpaka akachoka. Alikuwa anaruka kati ya kochi na kabati la vyombo, vikombe vinalia, na kila aliporuka nilibonyeza. Picha kumi zilikuwa moshi, ya kumi na moja ilikuwa na vidole vinavyoonekana, kisha ikaja moja yenye uso. Uso ulikuwa na chenga, lakini ulikuwa uso wake, mdomo wazi, macho juu.

"Hii nimetoka kama nimeona nyoka," akasema, na tukacheka mpaka baba yake akaita kutoka nje kuuliza kuna nini.

Nikajiona nimehitimu.

Wanawake wa Newala walitualika mchezo wa kirafiki. Kule nako mvua ilikuwa imeharibu uwanja, ila mwenyekiti wao alikuwa ameomba ghala. Msimu wa korosho ulikuwa umekwisha, magunia yote yameshaondoka, ghala limebaki tupu na sakafu yake ya saruji. Walilifagia, wakachora mistari kwa chokaa, wakasimamisha nguzo za magoli. Tulikodi gari asubuhi, tukampitia binti yangu Chiungutwa, alikuwa anatusubiri kando ya barabara ameshavaa raba. Tulipofika Newala ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya mji na baridi ilikuwa ile yao. Wenyeji walikuwa wametuwekea maji ya kunywa katika mapipa mawili. Tuliyaona mapipa yale, na hakuna aliyemwaga hata tone. Maji ya Newala kila mtu anajua yanakotoka, kule chini bondeni, na kichwa kinachoyabeba.

Ndani ya ghala palinukia magunia. Paa lilikuwa na bati chache zinazopitisha mwanga, kwa hiyo sakafu ilikuwa na viraka vya weupe na viraka vya giza, na wachezaji walikuwa wakiingia na kutoka humo. Nilichagua mahali nyuma ya mstari wa goli, upande ambao binti yangu angekuwa anafunga, nikachutama. Goti lilikataa, nikalilazimisha. Watu walijaa kando ya kuta: akina mama na watoto wao mgongoni, wazee, walimu wenzangu wa kule, na baadhi walikuwa wananikumbuka.

"Shikamoo mwalimu," akaniamkia mwanamke mmoja aliyekuwa akinifungia magoli zamani, au tuseme aliyekuwa akijaribu. "Siku hizi unapiga picha?"

"Marahaba. Ndiyo, napiga."

"Basi leo hatuna wa kumwogopa."

Nilifurahi kusikia hivyo kuliko ilivyopasa.

Mchezo ulianza na mimi nikaanza. Sasa sikuwa tena yule wa mara ya kwanza. Nilikuwa nimezima flashi, kope zinafumba upesi, na nilikuwa najua mpira unakwenda wapi. Nilitazama kioo mara moja nikaona mpira, umesimama hewani kama embe, mistari yake inahesabika. Nikapiga tena, mpira tena, na tena mpira. Nilisahau baridi, nilisahau goti. Nilikuwa ndani ya mchezo kwa mara ya kwanza tangu niumie, na hapo ndipo pabaya pangu palipokuwa.

Robo ya mwisho timu zilikuwa zimefungana sawasawa. Kelele mle ghalani zilikuwa zinagonga bati na kurudi. Mchezaji wetu wa katikati alirusha mpira mrefu kumtafuta binti yangu, ukawa mrefu mno. Niliuona tangu unatoka mkononi. Ulikuwa unapita juu ya kila mtu unakuja nje, unakuja upande wangu. Binti yangu aligeuka, akakimbia hatua chache, akaruka akiwa bado ndani ya mstari. Katika netiboli hilo linaruhusiwa. Mpira unaotoka unaweza kuupiga ukiwa hewani ukaurudisha ndani, ilimradi miguu yako haijagusa ardhi ya nje. Ni jambo gumu, linahitaji mwili mzima, na yeye alikuwa amelipatia. Mkono wake ulikuwa umebakiza kidogo sana. Mwenzake alikuwa amesimama chini ya pete peke yake, anasubiri.

Mimi nikasimama na kuudaka mpira.

Sijui nieleze vipi. Sikuamua. Kamera niliiachia, ikaning'inia kifuani. Goti ambalo kwa miaka halikuniruhusu hata kupanda ngazi vizuri lilininyanyua kama si langu, mikono ikaenda juu, na mpira ukaingia viganjani ukatulia, na kwa nukta moja niliona raha ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu. Niliubana kifuani kama tulivyofundishwa. Nilitua. Nikanyanyua uso kutafuta wa kumpasia.

Mbele yangu alikuwa binti yangu, ameshashuka, mikono mitupu.

Filimbi ikalia. Kisha vicheko vikaanza upande wa mlangoni, vikazunguka kuta zote, mtu akapiga kelele kwa Kimakonde, nami nisiyekijua Kimakonde nilielewa bila kutafsiriwa. Mwamuzi, mama mmoja mtu mzima wa kule Newala, alinijia akiwa amenyoosha mikono kuuomba mpira, kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba bado nimeukumbatia.

"Mama, toka," binti yangu akasema.

Hakupaza sauti. Lakini wale waliokuwa karibu walisikia, na nikawasikia wakivuta pumzi, maana kwetu mtoto hamwambii mama yake hivyo mbele ya watu. Yeye mwenyewe alisikia alichosema. Uso wake ulibadilika, akataka kuongeza neno, midomo ikacheza, halafu akageuka akarudi uwanjani.

Mpira ulihesabiwa umetoka, ukapewa Newala. Waliurusha, wakaupeleka mbele kwa pasi tatu au nne za haraka, wakafunga. Filimbi ya mwisho ikapulizwa muda si mrefu baadaye. Tulifungwa kwa goli hilo moja.

Nimewahi kusikia watu wakisema walitamani ardhi ipasuke. Mimi sikutamani hata hivyo, ningeonekana naingia. Nilichotamani ni kwamba mtu mmoja, yeyote, anigombeze kwa sauti ili yaishe. Hakuna aliyenigombeza. Kocha alinishika bega akasema, "Mwenzangu, mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Njoo tukale." Na nilipotazama nikaona kwamba kweli nilikuwa nimechutama tena palepale nyuma ya mstari, kamera mkononi, kama vile mchezo unaendelea.

Wenyeji walitupikia ugali wa muhogo, kisamvu na kuku. Tulikaa kwenye mikeka mlemle ghalani. Msichana alikuja na birika na bakuli la kunawia, na kwa kuwa mimi nilikuwa mmoja wa watu wazima akaanza na mimi. Maji yalipita juu ya mikono yangu, na mikeka yote ikawa inaitazama. Yule mama mwamuzi alinisogezea bakuli la kisamvu.

"Kula, mchezaji wa nane," akasema. "Sisi tumezoea kucheza na saba."

Watu walicheka tena, cheko zuri lisilo na sumu, na najua alikusudia kunitoa kwenye tundu nililoingia. Nikacheka. Upande wa pili wa mkeka binti yangu alikuwa anakula ameinamisha kichwa, na nilijua haya aliyokuwa nayo si yake, ni yangu imemwangukia, na juu ya hiyo ameongeza yake ya lile neno alilonitamkia. Tulikuwa watu wawili tumebeba mzigo mmoja na hatukuweza kutazamana.

Katika gari alikaa mbele karibu na dereva. Alipokuwa anashuka Chiungutwa alinipa mkono, "Haya mama," nami nikasema, "Haya mwanangu," na gari likaondoka.

Niliumbuka Newala, nikadhani yataishia hukohuko. Nilipofika shuleni Jumatatu, mwalimu mwenzangu mmoja alinisalimu, "Habari za asubuhi, namba nane." Mtu alikuwa amepiga video kwa simu. Niliiona mara moja tu, sikuweza kuiona tena. Video ile ilikuwa nzuri, nyoofu, haina moshi hata kidogo. Inaonyesha mama wa makamo akiruka kutoka sakafuni, kamera inamgonga kifuani, uso umejaa furaha. Ile furaha ndiyo iliyonichoma. Ningeonekana nimeshtuka, ningejitetea. Nimeonekana nimefurahi.

Kamera niliifunga kwenye kitenge nikaisukuma chini ya kitanda. Mazoezini sikwenda. Kocha alipopiga simu nilisema goti linaniuma, na lilikuwa linauma kweli, lakini hiyo haikuwa sababu.

Binti yangu alikaa bila kuja nyumbani kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Alipokuja ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, mimi niko uani nachambua mchele. Alisalimia, akavuta kigoda, akachukua upande wake wa ungo. Tulichambua pamoja. Mwisho akaanza yeye.

"Mama, nisamehe kwa lile neno."

"Neno gani? Ulikuwa na haki."

"Sikuwa na haki ya kukwambia vile mbele za watu."

"Haya, nimekusamehe. Na wewe unisamehe mpira. Sikukusudia, mwanangu. Mikono ilikwenda yenyewe."

Vidole vyake vikasukuma mchele huku na huko bila kutoa kitu.

"Najua hukukusudia," akasema. "Ndiyo maana imeniuma. Tangu nianze kucheza, kila uwanja ninaokwenda naambiwa, wewe ndiye mtoto wa yule mlinzi? Nikifunga wanasema nimerithi. Nikikosa wanasema mama yako asingekosa. Siku ile nimeruka, nikajua nimeupata. Nikajisemea, huu sasa ni wangu, hakuna mwingine angeufikia. Nikanyoosha mkono. Nikakuona wewe."

Nilikuwa nimedhani aibu yangu ni ya kuwaharibia watu mchezo na kuchekwa. Hiyo nilikuwa nimeanza kuizoea. Hii ilikuwa nyingine, na ilinikuta nimekaa uani kwangu, ungo mapajani, hakuna hata mtu mmoja anayetazama.

Alipoondoka niliivuta kamera kutoka chini ya kitanda. Sikuwahi kuzitazama picha za Newala. Niliketi ukingoni mwa kitanda nikazipitisha moja moja. Nyingi hazikuwa na moshi, mdogo wangu angenisifu. Katika kila picha mpira ulikuwa katikati. Nilimtafuta binti yangu. Hapa alikuwa bega, hapa nusu ya kichwa imekatwa na ukingo, hapa ni vidole. Nilikuwa nimemfuata mchezo mzima kumbe sikumfuata yeye hata kidogo. Niliyemfuata ni mpira, vilevile kama nilipokuwa golini, nikingoja uje kwangu.

Nilirudi mazoezini. Kurudi kwenyewe kulikuwa adhabu. Niliingia ukumbini, mtu akaita, "Namba nane amekuja!" na nilipita katikati ya vicheko mpaka ukutani. Sikuchutama tena. Nilichukua ndoo tupu nikaipindua nikakaa, mgongo ukutani, mbali na mstari, mikono yote miwili kwenye kamera. Nikajipa sharti kwamba nitachagua mchezaji mmoja, nitamtazama yeye tu mpaka filimbi, mpira uende unakokwenda.

Sikujua ni jambo gumu kiasi gani. Macho yangu yalikuwa yanatoroka kama mbuzi. Nimemshika mchezaji kwenye kioo, mpira unarushwa upande wa pili, na shingo yangu inageuka kabla sijaiambia. Siku moja mpira ulitoka nje ukaja moja kwa moja kwangu. Niliuona. Mikono ilitaka kuinuka, nikaibana kwenye kamera, mpira ukanipiga begani na kuruka pembeni. Wachezaji walisimama kunitazama. Kocha akaniuliza kama nimeumia, nikasema sijaumia.

Pole pole nilianza kuona vitu ambavyo miaka yote uwanjani sikuviona. Mtu anayeruka hufika mahali akasimama. Hapandi wala hashuki, na pale hata ukumbi wenye giza unamtosha. Niliona kwamba kabla ya kuruka watu huvuta pumzi kwa mdomo. Niliona mlinzi wetu mpya, yule mpishi, huwa anasema na mpira, midomo inatembea, sijui anauambia nini. Nilikuwa nimecheza naye misimu mitatu na sikujua. Nilimpiga picha akiwa hivyo, midomo imechongoka, nikamwonyesha. Alitazama kwa muda mrefu, akaniuliza, "Huwa nafanya hivi?" Akaniomba nimtumie.

Binti yangu nilimwacha. Kila nilipomwelekezea kamera aliona, na mwili wake ulikuwa unakaza. Nikawa nawapiga wengine.

Baadaye alihamishwa kikazi. Zahanati mpya iko Mnyambe, na kutoka huko Masasi ni mbali kwa mazoezi, kwa hiyo alijiunga na timu ya Newala. Aliniambia kwa simu, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi wa mtu anayedhani atagombezwa. Nilimwambia ni timu nzuri. Tulipokata nilikaa kitandani nikajisikia kama mtu aliyeachwa, kisha nikaona haya kujisikia hivyo.

Masika yaliyofuata Newala walikuja kwetu, tukacheza kwenye ukumbi wa chuo. Nilimwona anaingia na wenzake, amevaa kizibao cha rangi ya wageni, anacheka na yule mama mwamuzi. Alikuja akanisalimu vizuri, shikamoo kamili, wenzake nao wakafuata. Kisha nikakaa kwenye ndoo yangu. Nilipiga picha za timu zote mbili. Katika robo ya tatu alipokea mpira akiwa amelipa goli mgongo, akageuka, akaruka huku mpishi wetu akiwa juu yake kama mwavuli. Sikuutazama mpira. Nilimtazama yeye akivuta pumzi, na alipofika pale mtu anaposimama nikabonyeza. Sikujua kama amefunga mpaka niliposikia Newala wanashangilia.

Walitushinda kwa magoli mengi, na safari hii sikuwa nimesaidia.

Wakati wanakunywa chai nilimpelekea kamera. Alifuta mikono kwenye sketi, akaishika, akatazama. Picha ilikuwa na chenga na nusu ya uso imeingia kivulini, lakini alikuwamo mzima, kuanzia kichwani mpaka kwenye kamba za viatu.

"Mguu wa kushoto umekaa vibaya," akasema.

"Umekaa vibaya kweli."

"Ndiyo maana huwa natua upande." Aliitazama tena. "Nitumie, mama."

Nilimtumia usiku uleule. Aliniandikia ahsante, akaweka na moyo.

Kwa siku kadhaa nilikuwa nafungua simu kutazama kama ameiweka mahali pa picha yake, pale jina lake linapotokea. Sikumwambia mtu kwamba nafanya hivyo. Siku moja picha ikabadilika, na haikuwa yangu. Ilikuwa imepigwa kwa simu na mtu wa Newala, nje, kwenye ukungu, haijakaa sawa, yuko na wasichana wawili na ndoo za maji. Nilijikaza siku mbili, ya tatu nikamuuliza, kwa namna ya utani, kwa nini hakuweka ile ya kuruka.

"Ile ni nzuri, mama," akasema. "Ile nimewaonyesha wagonjwa wote. Ila kwenye hii nilikuwa nacheka."

Nikasema ni kweli, umetoka vizuri. Na nikafurahi kwamba tulikuwa tunaongea kwa simu, hakuweza kuuona uso wangu.